Kaniki Dirishani

Walipoisimika nguzo, mwezi wa pili, Nzuguni,
tulipiga makofi. Hata mimi.
Taa ikakohoa mara mbili, ikashika,
nyeupe kama maziwa ya kopo,
ikaingia chumbani kwangu bila hodi,
ikakaa kitandani.

Tangu hapo usiku wangu hauna kina.
Ni bwawa la Hombolo mwaka wa ukame:
unaingia, maji yanakomea vifundoni.
Saa tano nahesabu mabati. Saa saba, misumari.
Saa nane jogoo wa Mzee Mhembano anawika,
naye kadanganywa,
analiita jua ambalo bado liko mbali,
nyuma ya Kongwa, nyuma ya bahari,
limelala kama watu.

Asubuhi naenda Mtumba. Mimi ni karani wa malipo.
Zamani tarakimu zilinijia kama mbuzi wanaojua zizi lao.
Sasa naangalia saba, naandika moja.
Naambiwa jina la mgeni, linadondoka kabla hajaketi.
Tarehe kumi na nne nikaongeza sifuri
kwenye posho ya dereva, Bwana Lugome,
sifuri moja tu, duara tupu kama jicho lisilofumba,
na elfu themanini ikawa laki nane.

Lugome alizirudisha mwenyewe. Mungu ambariki.
Barua ya onyo haikurudi.

Nikaenda zahanati kuomba vidonge.
Tabibu, binti mdogo, Sechelela limeandikwa kifuani,
hakunipa. Akauliza: dirisha lako linatazama wapi?
Na simu, unaizima saa ngapi?
Akasema ndani ya kichwa kuna mlinzi wa zamu,
haijui saa ya ukutani, anajua mwanga tu.
Ukimmulika usiku anadhani kumekucha,
anafungua maduka yote.
Asubuhi mtoe nje, akasema,
mwonyeshe jua kabla hujanywa chai.

Njiani nikalikumbuka tembe la babu, kule Handali:
paa la udongo, tundu moja la ukubwa wa kiganja,
giza nene, unaweza kuliegemea.
Tulilala humo, ndama na watoto,
na mlango ulipofunguliwa alfajiri
mwanga uliingia wote kwa mkupuo,
kama maji ya korongo.
Babu hakujua kusoma. Lakini aliwajua ng'ombe wake kwa rangi,
na madeni ya mwaka wa njaa: ya nani, debe ngapi.

Basi nikawaandikia watu wa jiji: iondoeni.
Jioni natoka na barua mkononi,
namkuta Mama Ndahani chini ya nguzo,
kapanga karanga na mayai ya kuchemsha,
kahamia hapo tangu taa ije.
Pembeni bintiye Nyemo, kidato cha nne,
daftari magotini, anachora jicho la binadamu:
mboni, lenzi, kila kitu na mshale wake.
"Shikamoo," akasema, uso hakuuinua.

Nilinunua karanga za mia tano.
Mama Ndahani hakuwa na karatasi ya kufungia.
Nikampa ile barua.

Sandukuni mwa marehemu mama kulikuwa na kaniki,
aliyojifunga kiunoni akipalilia uwele.
Nimeipigilia dirishani kwa misumari minne.
Haikutosha: pembeni unachungulia uzi wa mwanga,
mwembamba, mkaidi.
Simu nimeilaza jikoni, kwenye ndoo ya unga.
Alfajiri natembea hadi viwanja vya Nanenane,
vumbi halijaamka bado,
jua linanigonga paji la uso kama muhuri.

Usiku wa nne niliota.
Niliota nimelala.

Juzi nilijumlisha ukurasa mzima, nikarudia,
jibu likawa lilelile. Nikataka kumwambia mtu.

Jogoo bado anawika saa nane.
Na Nyemo jana alisinzia chini ya taa,
kalamu ikateleza, ikavuta mstari mrefu
kutoka kwenye lile jicho
hadi nje ya karatasi.